Maji Yafundishwe Kutembea

Mwenyekiti, waheshimiwa, ndugu zangu wote mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Kabla sijaenda mbali, naomba mtazame hapa mezani. Kuna mitungi miwili ya kioo yenye maji safi, na kila mmoja una kipande cha wavu kilichotegwa mdomoni. Bonge hili la udongo nimelichimba ukingoni mwa shamba, penye nyasi ndefu na vichaka, mahali ambapo jembe halijagusa kwa miaka mingi. Bonge hili jingine limetoka hatua kumi tu kutoka pale, katikati ya shamba hilo hilo, panapolimwa kila msimu. Ni udongo wa baba mmoja na mama mmoja. Nimeyaanika yote mawili mpaka yakakauka. Sasa nayaweka juu ya wavu, yaloe. Tuyaache hapo, tutayarudia.

Mafuriko yakishapita, swali la kwanza linaloulizwa ni mvua ilinyesha kiasi gani. Ni swali la haki. Lakini mimi nimekuja na swali jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito zaidi: yale maji yalitumia muda gani kufika mtoni?

Tupige hesabu ndogo. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ya ardhi ni lita 10,000. Mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu, ikinyesha juu ya kilomita 1 ya mraba ni lita milioni 50. Tuseme maji yote hayo lazima yashuke mtoni. Yakishuka kwa saa tatu, mto unapokea zaidi ya lita 4,600 kila sekunde. Yakishuka kwa siku tatu, unapokea lita zisizofika 200 kwa sekunde. Mvua ni ile ile, tone kwa tone. Yale ya saa tatu yanaingia vyumbani mwa watu usiku wa manane. Yale ya siku tatu yanapita chini ya daraja huku watoto wakiyatazama.

Kwa hiyo nikisema njia za asili za kupunguza mafuriko, sina maana ya kuyazuia maji. Nina maana ya kuyapunguzia mwendo njiani, na kuyapa mahali pa kupumzika kabla hayajafika kwenye nyumba. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na sijui jambo ambalo usemi huo unalifaa kuliko maji ya mvua.

Na haraka hiyo ni sisi tuliyoyapa. Tazama mlima ambao haujaguswa. Tone linagonga jani, linateleza kwenye gome, linaangukia takataka za majani makavu, kutoka hapo linaingia kwenye vijitundu vilivyoachwa na minyoo na mizizi iliyooza. Linalobaki juu linakutana na gogo lililoanguka, na kishimo, na kichaka cha nyasi. Likifika bondeni linakuta kinamasi, mahali ambapo maji yanakaa wiki nzima bila kumsumbua mtu. Hata mto wenyewe haunyooki. Unajipinda kama nyoka, unagota ukingo huu na kuhamia ule, na kila kona unapoteza nguvu.

Halafu tukaja sisi na akili zetu. Tukafyeka miti. Udongo tukaushindilia kwa kwato na matairi mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Tukachimba mitaro ya kukausha vinamasi, tukaondoa kila gogo mtoni kwa jina la usafi, tukaunyoosha mto ili maji yaondoke upesi. Mto ukinyooshwa, maji yanashuka kimo kile kile kwa njia iliyo fupi, maana yake mteremko umekuwa mkali zaidi. Kila mmoja wetu alitaka maji yatoke kwake haraka, na hakuna aliyeuliza yanafika kwa nani.

Marekani wana mto unaoitwa Kissimmee, kule Florida. Ulikuwa ukijipinda kwa kilomita 166, na tambarare zake zilikuwa zikifunikwa na maji miezi mingi ya mwaka. Baada ya mafuriko makubwa, serikali iliamua kuutia adabu. Kati ya mwaka 1962 na 1971 uligeuzwa mfereji wa kilomita 90. Vinamasi vikakauka, na ndege wa majini waliokuwa wakija huko msimu wa baridi walipungua kwa asilimia 90 hivi. Kilichofuata ni kitu ambacho ningependa kila mhandisi kijana akijue. Kuanzia mwaka 1999 jeshi lile lile la wahandisi lililochimba mfereji lilirudi na tingatinga na kufukia sehemu yake kubwa ya katikati, ili maji yarudi kwenye mikunjo ya zamani. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2021. Miaka zaidi ya ishirini ya kufukia walichochimba kwa miaka tisa.

Sasa nije kwenye dawa, nianze na udongo, maana huko ndiko mvua inakoangukia.

Wales, mahali panapoitwa Pontbren, kundi la wakulima wafugaji walipanda mistari ya miti kukatiza malisho yao. Nia yao haikuwa mafuriko hata kidogo. Walitaka kondoo wapate kinga ya upepo. Baada ya muda wakagundua kitu cha ajabu: maji yaliyokuwa yakitiririka juu ya nyasi wakati wa mvua, yakifika kwenye ule mstari wa miti, yanapotea. Watafiti wakaja na vipimo vyao. Wakakuta udongo chini ya miti unanyonya maji kwa kasi inayofika mara 60 ya malisho ya jirani yaliyokanyagwa na kondoo. Na miti yenyewe ilikuwa michanga, haijatimiza hata miaka kumi. Nawaomba mkae na jambo hilo kidogo. Huwa tunaambiwa kwamba msitu ni mradi wa wajukuu. Kwa mbao ni kweli. Kwa kunyonya maji, mizizi inaanza kazi mapema sana, na kwato zikiondolewa hapo udongo wenyewe unaanza kupumua.

Wala haikuhitajika kugeuza shamba lote kuwa msitu. Ilikuwa mistari tu, iliyowekwa mahali panapostahili, yaani kukatiza mteremko pale maji yanapopita. Ndiyo hekima ile ile ya matuta ya fanya juu, ambapo mkulima anachimba mtaro kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja unaokatiza mteremko, na kuutupa udongo upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia kama lilivyo katika vitabu vya uhifadhi wa udongo vya lugha nyingine, na nakiri kwamba kila ninapolikuta humo nafurahi.

Kutoka mlimani tushuke kwenye vijito.

Kaskazini mwa Uingereza kuna mji mdogo uitwao Pickering. Ulifurika mwaka 1999, ukafurika tena 2000, na 2002, na 2007. Njia ya kawaida ingekuwa kujenga kuta kubwa katikati ya mji, lakini gharama yake haikuwezekana kwa mji wa ukubwa ule. Kuanzia mwaka 2009 wakageukia milima iliyo juu ya mji. Katika vijito waliweka mabwawa 167 ya magogo. Kwenye mitaro ya nyanda za juu waliweka vizuizi 187 vya matita ya vichaka vilivyofungwa pamoja. Wakapanda miti 40,000. Na juu kidogo ya mji wakajenga tuta moja la udongo, linaloweza kushikilia mita za ujazo 120,000 za maji wakati wa dharura tu. Siku nyingine zote mto unapita katikati yake kama kawaida.

Nataka niwaeleze hilo bwawa la magogo, kwa sababu watu wakisikia bwawa wanawaza zege. Ni magogo matatu, manne, yamelazwa kukatiza kijito, ncha zake zimezama kwenye kingo mbili au zimebanwa na miti iliyosimama. Chini ya gogo la kwanza kunaachwa nafasi. Siku ya kawaida maji yanapita kwenye nafasi hiyo, samaki wanapita, na ungeweza kusimama pale usione kazi yoyote inayofanyika. Mvua kubwa ikija, maji yanapanda, yanagota kwenye magogo, yanatafuta pa kwenda, yanamwagikia pembeni kwenye nyasi na miti. Yanakaa huko. Mvua ikikatika, yanarudi polepole kwa kuvuja. Bwawa lisilovuja halifai kazi hii hata kidogo, kwa sababu litakuwa limejaa tayari wakati mvua ya pili inapokuja.

Tarehe 26 Desemba 2015 mvua kubwa ilipiga kaskazini mwa Uingereza, na maelfu ya nyumba katika miji mingine zikaingiliwa na maji. Pickering haikufurika. Wataalamu walipochambua, hawakudai muujiza. Walisema kilele cha mto, yaani wingi wa maji ulipofikia juu kabisa, kilipunguzwa kwa asilimia 15 hadi 20, na karibu nusu ya punguzo hilo ilitokana na magogo na kazi nyingine za huko juu, nusu nyingine ni lile tuta. Asilimia 15 mtu anaweza kuidharau. Lakini maji yakiwa sentimita tano chini ya kizingiti cha mlango, nyumba ni kavu. Yakiwa sentimita tano juu yake, magodoro yamelowa na daftari za watoto zimeharibika.

Kuna wengine wanaofanya kazi hii bila kulipwa. Mnyama aitwaye biva, mgugunaji mkubwa wa mito ya kaskazini mwa dunia, anakata miti kwa meno na kujenga mabwawa ya matawi na tope ili mlango wa nyumba yake uwe chini ya maji. Uingereza walimwinda mpaka akaisha, karne kadhaa zilizopita. Mwaka 2011, kule Devon, jozi moja iliwekwa kwenye eneo dogo lenye uzio ambalo kijito chembamba kinapita. Baada ya miaka michache palikuwa na mabwawa 13, yenye kushikilia karibu lita milioni 1 za maji. Hakuna aliyewachorea ramani. Kila mafuriko yakibomoa tawi, usiku huo huo linarudishwa. Sisemi kila nchi itafute biva. Wengi wetu hatuna na hatupaswi kuwaleta. Na hata walipo, wanafurikisha mashamba ya watu na kuangusha miti ya matunda, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumsikiliza mkulima na kushughulikia madai yake. Ninachosema ni kwamba kila mto una wajenzi wake, wawe wanyama, mafunjo, matete au miti inayoanguka. Tulipowafukuza, kazi yao haikuchukuliwa na mtu.

Sasa bondeni, ambako mto umeshakuwa mkubwa na magogo hayafui dafu. Huko dawa ni nafasi.

Uholanzi wameishi nyuma ya kingo za udongo kwa karne nyingi. Mto ukipanda, wanainua ukingo. Mapema mwaka 1995 mito ilipanda kiasi kwamba watu wapatao 250,000 walihamishwa, pamoja na mifugo yao, kwa hofu kwamba kingo zitapasuka. Hazikupasuka, lakini nchi ilishtuka. Wakajiuliza: tutainua mpaka lini? Ukingo ukiwa mrefu zaidi, siku utakapopasuka maji yatakuwa na kimo kikubwa zaidi. Wakaanzisha mpango wa kuupa mto nafasi, katika sehemu zaidi ya 30, kwa gharama ya zaidi ya euro bilioni 2. Kwenye mji wa Nijmegen walihamisha ukingo mita 350 kuingia ndani, wakachimba mkondo wa pili, na kilichokuwa katikati kikawa kisiwa. Nyumba zipatazo 50 zilibomolewa. Sipendi kuliruka hilo neno. Kulikuwa na watu waliozaliwa katika nyumba zile.

Kwa hiyo ninachojifunza zaidi Uholanzi ni habari ya bonde la Overdiep. Wakulima wa huko walipoambiwa kwamba ardhi yao imepangwa kupokea maji ya mto wakati wa hatari, hawakusubiri kuandikiwa barua. Walikaa wakaleta pendekezo lao wenyewe: jengeni vilima kando ya ukingo mpya, mtuwekee nyumba na mazizi juu yake, na mashamba tutayaachia maji siku chache yanapohitajika. Nafasi haikutosha wote. Baadhi walilipwa wakahamia kwingine. Waliobaki leo wanafuga ng'ombe juu ya vilima. Maji yakija, yanaingia kwenye malisho, na miji ya juu ya mto inapata nafuu.

Na wakati mwingine jambo la busara kuliko yote ni kutoharibu. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi wa jeshi la Marekani walitafuta namna ya kuulinda mji wa Boston na majirani zake dhidi ya mto Charles. Walipima, wakaona kwamba vinamasi vya juu ya mto vilikuwa vinashikilia maji ya mafuriko na kuyaachia taratibu kwa siku nyingi. Badala ya kujenga bwawa jipya huko juu, bunge liliidhinisha mwaka 1974 vinamasi hivyo vilindwe. Serikali ikanunua ardhi, na kwa nyingine ikalipia haki ya kuzuia isijengwe, jumla yake hekta zipatazo 3,200. Vinamasi vile vipo mpaka leo. Hakuna utepe uliokatwa, hakuna jiwe la msingi, na nadhani ndiyo maana hadithi hii haisimuliwi sana.

Ndugu zangu, nisiwadanganye. Njia hizi zina kikomo. Mwezi Julai 2021 mvua kubwa ilipiga magharibi mwa Ujerumani juu ya udongo ambao tayari ulikuwa umeshiba maji, katika mabonde membamba yenye miteremko mikali. Zaidi ya watu 180 walipoteza maisha. Udongo ulioshiba haunyonyi, uwe na mizizi au usiwe nayo. Kwa mvua ya namna ile kinachookoa maisha ni taarifa inayofika mapema, barabara ya kukimbilia, na kutojenga pale ambapo mto hupita ukikasirika. Anayewaambia kwamba miti pekee itawaokoa na kila mafuriko, msimwamini, hata akiwa rafiki yangu.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mto una matawi mengi, na maji ya kila tawi hufika kwa wakati wake. Ukilichelewesha tawi ambalo siku zote hutangulia, unaweza ukalifanya lifike sawia na tawi kubwa, vilele viwili vikapandana, na mji ukapata shida kuliko mwanzo. Kwa hiyo lazima bonde zima lipimwe kabla ya gogo la kwanza kuwekwa. Na magogo yenyewe yakaguliwe, maana gogo likiong'oka likaenda kuziba kalavati ya barabara, umehamisha mafuriko tu. Vivyo hivyo, kupanda mti wa aina moja safu kwa safu, chini peupe, hata jani la nyasi hakuna, huko si kurudisha uasili. Tone likianguka pale linakuta udongo uchi.

Limebaki suala la watu. Neno pori linatutisha, na tuna haki ya kutishika. Watu wengi wamewahi kuambiwa ardhi yao inarudishwa kwa asili, kisha wakajikuta nje ya uzio. Nikisema turudishe uasili wa mto, sisemi mtu afukuzwe ili mti ukae. Nasema hivi: anayekaa juu anafanya kazi, anayekaa chini anapata nafuu, na nafuu hiyo ina thamani ya fedha. Mkulima anayeacha kulima ukingo wa kijito amepoteza mavuno. Nani amlipe? China, baada ya mafuriko ya mwaka 1998 katika bonde la mto Yangtze na kwingineko, yaliyoua watu zaidi ya 3,000 nchini humo, serikali ilisimamisha ukataji wa misitu ya asili huko juu, na kuanzia mwaka 1999 ikawa inawalipa wakulima nafaka na fedha ili waache kulima miteremko mikali na kupanda miti na nyasi. Mpango ule ulikuwa na dosari zake, na sehemu nyingine miti ilipandwa pasipostahili. Lakini msingi wake ni sahihi: aliyeambiwa aache, alilipwa.

Ningependa basi kila mpango wa mafuriko unaoletwa mezani uwe na safu mbili za bajeti, moja ya kuta na mabwawa, nyingine ya ardhi iliyo juu yake na watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo. Mara nyingi nikifungua mipango hii naikuta safu ya kwanza tu. Safu ya pili mara nyingi huwa ndogo kuliko gharama ya kumwaga zege, na sehemu yake kubwa haihitaji kusubiri zabuni ya miaka mitatu. Mitaro ya kinamasi inaweza kuzibwa na vijana wenye sululu na magogo ndani ya msimu mmoja.

Sasa turudi mezani. Walio nyuma, sogeeni.

Bonge la ukingoni bado limekaa juu ya wavu kama nilivyoliweka, na maji yake mnaweza kusoma gazeti kupitia humo. Mizizi midogo na nyuzi za kuvu zimelishika, na ile gundi inayotolewa na vijidudu vya udongo haijayeyuka. Lile la shambani halipo tena. Limemomonyoka lote, limepita kwenye matundu ya wavu, limelala chini ya mtungi kama uji, na maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Juu ya shamba, chembe hizo hizo zikipigwa na mvua huziba vitundu vya udongo na kutengeneza ukoko, na tone linalofuata halina pa kuingia ila kukimbia. Tope lake huenda kujaza kina cha mto, ili mvua ijayo mto uwe na nafasi ndogo zaidi.

Mitungi itabaki hapa mpaka jioni. Mwenye swali, karibu.